Robo Saa Iliyopotea Getini

Tarehe 4 Februari

Kwako mdogo wangu,

Salamu nyingi, na nyingine juu yake, maana simu hupokei. Nilipiga Jumapili nikaambiwa unaoga. Nikapiga Jumatatu nikaambiwa unaoga. Unaoga au unaosha boti? Basi nimeamua kuandika. Mwandiko wangu unaujua, darasa la nne niliishia mlangoni, kwa hiyo soma polepole, na pale usipoelewa ujue nilikuwa nacheka.

Sisi wazima. Goti langu linaniambia mvua inakuja, na halijawahi kudanganya. Mwanao wa kwangu, yule wa pili, kapata mchumba. Kijana mpole, ila masikio yake makubwa kiasi kwamba upepo ukivuma mtu anataka kumshika mkono. Mimi simsemi.

Sasa habari yenyewe. Hospitali yetu imevamiwa. Kaja bwana mmoja wa miwani, ana saa mbili, moja mkononi na moja kaining'iniza shingoni kama refa. Kutwa kasimama chumba cha dharura, haongei, anaandika. Akiingia mgonjwa kashika kifua, anabonyeza ile ya shingoni. Wakimbandika zile waya za kusoma moyo, anabonyeza. Wakimchoma sindano ya kuyeyusha donge la damu, anabonyeza tena. Tumembatiza Bwana Sekunde. Nimefagia chini ya miguu yake mara tatu nione anaandika nini, akafunga daftari. Mtu mwenye nia njema anafunga daftari?

Sista mkuu anatuambia ni daktari, kaja kupunguza muda. Eti mshipa wa moyo ukiziba, kila dakika inayopita kipande cha moyo kinakufa, kwa hiyo mtu akipita getini zisiishe dakika kumi hajabandikwa waya. Mimi nasema kaja kupunguza watu. Nani amewahi kutumwa kupunguza dakika?

Ila kuna hili, na ndilo lililonikalisha chini kuandika. Amechukua daftari la geti akalilinganisha na la chumba cha dharura. Kutoka getini mpaka kitandani ni hatua sitini, nimezihesabu na ndoo mkononi. Lakini kila mgonjwa anapoteza robo saa hapo katikati. Kila mmoja! Na katikati hapo anakaa nani? Kufuli!

Si nilisema? Tangu shemeji afariki mwaka jana nasema ni yule mlinzi. Getini marehemu kaandikwa saa tatu na dakika tano asubuhi, kitandani saa tatu na dakika ishirini na tano. Dakika ishirini kwa hatua sitini, hata kobe angefika akapumzika. Jina la Kufuli nilimpa mimi kwa ajili hiyo, na sasa hata madaktari wanamwita hivyo.

Wewe ndiye uliyekuwa na mumeo ndani ya gari. Niandikie aliwafanya nini pale getini. Aliuliza nini, alikagua nini. Nitampelekea Bwana Sekunde mwenyewe.

Dada yako,
Redio


Tarehe 27 Februari

Dada, shikamoo.

Barua yako imefika, imechelewa kidogo. Huku kwa binti yangu tunaendelea vizuri. Mjukuu kaota meno mawili na anayajaribu kwa kila anayemkaribia, baba yake kaumwa kidole. Mkwe ananitunza, sina la kusema. Hongera za mchumba. Masikio si neno, mradi anasikiliza.

Hilo la getini, dada, siku ile mambo yalikuwa mengi. Sikumbuki vizuri. Mwache tu yule mzee.

Bado unafanya usafi chumba kilekile? Kile chenye saa kubwa ya duara juu ya mlango?

Mdogo wako


Tarehe 8 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Huyo mjukuu mpe mfupa aachane na vidole vya watu.

Sasa tuzungumze. Hukumbuki? Wewe? Wewe unayekumbuka gauni nililovaa kwenye harusi yako, na kwamba lilikuwa na tundu kwapani, miaka ishirini na mbili iliyopita? Leo siku aliyofariki mumeo ndiyo huikumbuki? Hapo kuna kitu. Kufuli kakufikia? Kamtuma mtu kwako? Maana naye kaanza kuwa mnyenyekevu ghafla, na mimi mtu akinyenyekea ghafla naangalia nyuma yangu kuna nini.

Jana nilimkuta kasimama getini na lile daftari kalikumbatia. Nikamwambia, "Leo umefungia wangapi nje?"

Akaniangalia. "Mama, mimi kazi yangu kufungua. Anayefunga mtafute ndani."

Mtafute ndani! Umeona jeuri hiyo? Nikawasimulia wenzangu wa usafi, na sasa hakuna anayeitikia salamu yake. Anasalimia, wanapita kama upepo. Mpishi kamhamisha meza, anakula peke yake karibu na mapipa.

Kikao cha kumjadili Kufuli kitakaa tarehe 10 Mei. Amebakiza miaka miwili apate kiinua mgongo chake, na akifukuzwa hapati kitu. Inasikitisha kidogo, lakini angefikiria hayo kabla ya kuchezea roho za watu. Sista mkuu anasema kuna daftari lakini hakuna shahidi, angepatikana mmoja tu aliyezuiwa getini kesi imekwisha. Nikamwambia shahidi ninaye, damu yangu. Kwa hiyo andika. Hata mistari mitano.

Saa ipo palepale juu ya mlango, inakwenda. Kwani saa imefanya nini? Mbona unaniuliza saa?

Redio


Tarehe 2 Aprili

Dada, shikamoo.

Hakuna aliyenifikia. Huku anayegonga mlango ni muuza maziwa tu.

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Nitakuambia jambo moja, usinikatize.

Siku ile, walipomlaza, nesi aliniambia nimvue saa ya mkono ili wambandike waya. Nikamvua. Niliitazama kwa sababu sikutaka kumtazama yeye usoni. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Nikainua macho juu ya mlango, ile ya ukutani ikasema saa tatu na dakika ishirini na tano. Nikadhani ni machozi yananichezea. Nesi naye akainua macho, akaandika ya ukutani.

Saa ya marehemu ninayo mpaka leo, naiweka kwenye kopo la vifungo. Kila taarifa ya habari ikianza naitoa naipima. Haijawahi kukosea hata dakika.

Dada, ile saa ya ukutani nani anaitunza? Nani anapanda kuibadilisha betri?

Barua ya kumshitaki yule mzee siandiki.

Mdogo wako


Tarehe 24 Aprili

Dada, shikamoo.

Hujajibu. Wewe ambaye nikikuandikia kwamba kuku kataga unanijibu kurasa tatu. Unaumwa? Nimepiga simu, mwanao kasema unaoga.

Unaoga, dada?

Nijibu kabla ya tarehe kumi.

Mdogo wako


Tarehe 28 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Wote wazima. Mchumba alikuja tena, na masikio yake.

Saa naitunza mimi.

Nakuambia yote, nawe usinikatize. Miaka miwili na nusu iliyopita walibadilisha ratiba ya gari la kuelekea kwetu. Likawa linaondoka saa nane kamili mchana. Na zamu yangu inakwisha saa nane kamili. Nikilikosa, nakaa kituoni na goti hili mpaka saa tisa na nusu. Nikamwomba nyapara wa usafi aniruhusu robo saa mapema. Akanyoosha kidole juu ya mlango, akasema, "Mimi bosi wangu ni ile saa. Ikisema nane, nenda." Na mle ndani simu za mkononi hawaruhusu, kila mtu anatazama ukutani.

Basi siku moja nikapanda ngazi kubadilisha betri, nikausukuma mshale mbele. Robo saa tu. Nyapara akasaini, gari nikalipata, nikakaa dirishani. Baada ya wiki hata mimi nilisahau. Kuna manesi waliogundua inakimbia, lakini nao wana magari yao ya kuwahi, nani atalia kwa kutoka mapema? Mapigo, dawa, sindano, vyote vilikwenda kwa saa hiyo hiyo, kwa hiyo humo ndani hakuna hesabu iliyogongana. Geti ndilo lililokuwa na saa yake. Mlinzi anatumia ya mkononi.

Barua yako niliisoma chooni. Nikatoka mpaka getini, nikamuuliza, "Saa ngapi?"

"Saa sita na nusu."

Kumbe kule ndani nimeiacha saba kasorobo. Nikamuuliza tena.

Akasema, "Saa sita na nusu, mama. Ukiuliza mara ya tatu nakuandika daftarini kama mgonjwa."

Sikuweza kucheka. Nimekaa na barua yako kifuani siku ngapi sijui, ndani ya sidiria, jasho limefuta nusu ya maneno lakini yale ya saa yote yapo. Nilikuwa namnyooshea kidole mtu wa getini, na mwizi wa hiyo robo saa nilikuwa namwogesha kila asubuhi. Nikisema, kazi yangu imekwenda. Nisiposema, ya mzee imekwenda. Hata kuishusha ile saa naogopa, wataniuliza kwa nini leo.

Lakini nami nikuulize, na usiseme hukumbuki. Daktari wa zamu siku ile alipotoka kwa shemeji alimwambia nesi, "Wamechelewa sana." Nilimsikia kwa masikio yangu, nilikuwa napiga deki. Hayo ya geti niliyajazia mimi. Sasa kama getini hamkukaa, mlikaa wapi?

Redio


Tarehe 4 Mei

Dada, shikamoo.

Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, ikufike kabla ya kikao.

Tulikaa nyumbani.

Maumivu yalimwanza saa kumi na moja na nusu alfajiri. Akasema ni gesi. Nikampa dawa ya tumbo, nikamkanda mgongo. Jasho likamtoka mpaka shuka likawa la kukamua, na mkono wa kushoto akasema mzito kama si wake. Saa moja nikamwambia twende hospitali. Akajitazama lile shati la kulalia, lenye doa la chai na kifungo kimoja. Akasema, "Siendi hivi. Dadako yuko zamu ya asubuhi. Atanitangaza mpaka jikoni."

Nikacheka, dada. Nikamwambia kweli.

Nikampashia maji akaoga. Nikatoa lile shati jeupe la mahafali ya mtoto, likawa limejikunja, na umeme haukuwepo. Tukasubiri umeme. Alikaa ukingoni mwa kitanda kashika kifua, ananitazama. Ulirudi saa mbili na nusu. Nikapiga pasi mgongo, nikapiga mikono, akaniambia, "Na hapo kwenye kola." Nikapiga kola.

Getini hatukukaa hata kidogo. Yule mzee alituona tukiwa mbali, tulipofika geti lilikuwa wazi tayari. Yeye ndiye aliyemshika kwapani nami nikashika miguu. Akamwambia, "Shati zuri, bwana. Usiogope, umefika."

Ulipoanza kusema ni mlinzi, nilijua si kweli. Nikanyamaza. Wewe ulikuwa unatafuta wa kulaumiwa, na kadiri ulivyokuwa unamtazama yeye, hukuwa unanitazama mimi. Ndiyo sababu simu sipokei. Sauti yangu ungeijua.

Sasa unajua. Ukitaka kunitangaza, nitangaze. Ila mzee asifukuzwe.

Mdogo wako


Tarehe 30 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, na marahaba zote ninazodaiwa nawe.

Kwanza shati. Nimeisoma sehemu hiyo mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo. Nilitaka nikujibu kwa hasira, kwamba mliwezaje kunifikiria hivyo. Kisha nikakaa nikajiuliza, je, angekuja na lile la doa la chai ningesema? Ningesema. Si kwa ubaya, kwa kucheka tu, lakini mpaka saa sita jikoni wangejua na kifungo ni cha ngapi. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba mlinijua. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nakitafuta getini.

Wewe usijilaumu peke yako. Pasi ulishika wewe, lakini aliyeitia moto ni mimi.

Sasa kikao. Niliingia nimeikumbatia ile saa kama mtoto mchanga. Sista mkuu akasema, "Redio, hukualikwa."

Nikasema, "Najua. Lakini saa imealikwa."

Nikaiweka mezani. Bwana Sekunde akavua ya mkononi, akavua na ya shingoni, akazipanga. Kufuli, mzee wa watu, akavua yake bila kuambiwa. Tatu zinasema saa nne na dakika tano. Moja inasema saa nne na dakika ishirini. Nikasimulia yote, gari, nyapara, goti, ngazi. Nyapara wangu akataka kuingia chini ya meza. Nikasema pia kwamba jina la Kufuli nilitunga mimi, na kwamba aliyempokea shemeji yangu ni yeye, kwa mikono yake, ninaye shahidi. Hayo ya shati sikuyasema. Hayo ni ya kwetu.

Bwana Sekunde hakunigombeza. Kumbe saa zake alikuwa anapimia mwendo tu, ile ya ukutani hakuwahi kuilinganisha nazo. Alitoa kalamu, akaanza kupunguza kumi na tano kila mstari wa daftari lake, ukurasa baada ya ukurasa, na ulimi kautoa pembeni kama mtoto wa shule. Kumbe anajua kuongea! Akasema geti ni safi, hasara iliyobaki ni dakika nne za dirisha la kadi, mgonjwa anaulizwa jina la babu yake huku moyo unaziba. Sasa mwenye kifua anapita moja kwa moja kwenye waya, kadi anaandikiwa akiwa kitandani. Saa zote wamezisawazisha, na betri anabadilisha fundi.

Halafu akasema jambo ambalo sijalala nalo vizuri. Akasema, "Hapa ndani naweza kuokoa dakika nne. Nje, watu wanapoteza saa nne majumbani, na huko sina wa kumtuma."

Kazi sikufukuzwa. Nimepewa barua ya onyo, nyekundu, nimekuhifadhia uione. Na nimetolewa ndani, nafagia nje, kuanzia getini. Kwa hiyo sasa niko naye kutwa. Wiki ya kwanza namsalimia, ananijibu, "Pita." Kila siku, "Pita." Nimezunguka kwa mpishi, kwa wenzangu, mmoja mmoja, nikajikanusha mwenyewe. Kuueneza ule uongo nilitumia siku moja, kuukusanya nimeshatumia wiki tatu na bado nauokota. Jana kanibadilishia. Kaniambia, "Pita, mama." Nimefurahi kama nimepandishwa cheo.

Pokea simu.

Redio


Tarehe 15 Juni

Dada, shikamoo.

Nimeisoma barua yako kwa sauti, mkwe wangu akasikia yote. Sijafa.

Ndani ya bahasha kuna saa ya marehemu, nimeifunga kwenye kitambaa. Mpe yule mzee. Mwambie haijawahi kukosea.

Simu nitapokea. Ila barua usiache.

Mdogo wako


Tarehe 3 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Wote wazima, na posa imepokelewa. Yale masikio nimeyazoea, sasa nikimwona mtu mwenye madogo namhurumia.

Saa nilimpa mzee. Alifungua kitambaa, akaigeuza, akaniuliza, "Ya yule wa shati jeupe?" Anakumbuka, unaona! Akaivaa mkono wa kulia, yake kushoto. Sasa tuna Bwana Sekunde wa pili.

Nikuambie nilichokuwa nafanya. Mdomo wangu huu wanausema, nami nikasema basi huohuo utafanya kazi. Sokoni, kisimani, msibani, kwenye foleni ya mafuta ya taa, popote ninapokaa nawaambia: kifua kikikubana, jasho likakutoka bila kazi, mkono ukawa mzito, usitafute nguo. Njoo ulivyo. Wananiambia, "Redio, tukija hivyo si utatusema?" Nawajibu, "Nikiwasema, nife."

Basi juzi, saa tano asubuhi, nafagia pale nje. Ikaja pikipiki ya magurudumu matatu kwa mbio, mzee akafungua kabla haijapunguza mwendo. Ndani mwanamume wa makamo, uso umekuwa wa majivu, kashika kifua. Mkewe kamkumbatia, analia, ananiambia mimi, hata hanijui, "Kuna mama mmoja sokoni alisema tusisubiri nguo!" Mzee akamshika kwapani, mimi nikatupa fagio nikashika miguu. Hatua sitini. Goti sikulisikia. Tulipomweka kitandani mzee akatazama mkono wa kulia akatangaza saa, na Bwana Sekunde akabonyeza. Kutoka getini mpaka waya, dakika tatu. Kutoka maumivu yalipomwanza nyumbani, dakika ishirini na sita. Bwana Sekunde aliliandika hilo mara mbili.

Jana yule mtu kakaa kitandani, anakula, anamgombeza mkewe chumvi haitoshi. Kanitafuta kwa macho, kaniita. Kaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, ulikuwa miguuni kwangu. Uliona?"

Nikamwambia, "Nimeona nini?"

Jikoni wananisumbua tangu juzi, mpishi kaniahidi vipande viwili vya nyama. Mwanangu kaniuliza, mchumba katega yale masikio. Nawe najua utaniuliza kwenye simu leo jioni.

Usiniulize, mdogo wangu. Alivyovaa sitasema.

Dada yako,
Redio